Nilikwenda Msibani, Nikasomewa Risala

Tangu nirudi Dodoma, kila anayepita hapa kwangu ananiuliza kama nilifika na kama nilimwona Kabula. Nikijibu kwamba nilifika na nilimwona, anaridhika, tunahamia kwenye bei ya mahindi. Lakini ninyi mlionisindikiza stendi na kunifungashia maandazi hamkuridhika. Mnataka yote, na kwa mdomo nimeshindwa: mara mbili nimeanza kusimulia nikaishia kwenye habari za basi kuharibika. Kwa hiyo naandika. Habari za basi zimo pia, kwa sababu ndicho kipande pekee cha safari ambacho sina la kujutia.

Mnajua nimefanya kazi ya mashirika karibu maisha yangu yote. Mwaka wa kwanza nilipelekwa kwenye mwalo mmoja wa Buchosa, ng'ambo ya Mwanza, mahali mitumbwi inaposhushia dagaa. Jina la mwalo naliacha. Wenyewe hawakuniomba niwaandike. Hakukuwa na gesti wakati ule. Alinipokea Bibi Nyanzala, mjane aliyekuwa akikausha dagaa mchangani pamoja na binti yake Kabula, na kwake nilikaa zaidi ya mwaka. Alinifundisha kula ugali wa muhogo bila kukunja uso. Aliniita "mwanangu Mhaya". Siku moja alizunguka kijiji kizima kunitafutia ndizi za kupika, akazichemsha na maganda yake, tukala hivyo hivyo huku Kabula akinicheka mpaka machozi. Baadaye nikapanda cheo, nikahamia ofisi ya Mwanza, kisha Dodoma, kisha nikahamia kwenye ndege.

Bibi alipofariki nilikuwa nchi za watu, mbele ya ukumbi, nikieleza hali ya wanawake wa mwambao wa Ziwa. Ujumbe wa Kabula uliingia kwenye simu. Niliusoma, nikaendelea kueleza. Nilituma rambirambi kwa simu na kuahidi kwamba nikirudi nitakuja. Nikarudi, kukawa na tathmini, kisha ripoti, kisha mkutano mwingine, mwaka ukakatika. Mkataba wangu ulipoisha, wakaniaga kwa keki na saa ya ukutani, nikaona sasa kisingizio kimekwisha. Nilitaka jambo moja tu: niende nikakae msibani kwa mama yule kama mtoto wa nyumba, hata kama nimechelewa, na Kabula anikubalie.

Dodoma hadi Mwanza

Mpaka Singida tulikwenda vizuri. Pale nilinunua kuku wa kienyeji, nusu nzima, na jirani yangu wa kiti, mama wa Nzega aliyekuwa anatoka kuuza vitunguu, akanisaidia kumla bila kusubiri kukaribishwa mara ya pili.

"Dada, wewe kazi yako nini?" aliniuliza akitafuna paja la kuku.

"Nimestaafu. Nilikuwa kwenye shirika."

"La nini?"

"La kutetea haki. Tulikuwa tunawasaidia wanawake wa ziwani waweze kusema."

"Kwani walikuwa hawasemi?"

"Walikuwa wanasema. Hawakuwa wanasikilizwa."

"Hapo sawa," akasema, akachukua bawa.

Karibu na Igunga mkanda wa feni ulikatika. Dereva alitangaza kwamba ni dakika chache tu, na kwa kuwa sote ni Watanzania tulishuka tukatafuta vivuli vya kudumu. Fundi alifuatwa na pikipiki. Mkanda aliokuja nao haukuwa saizi yake, akarudi tena. Maandazi yenu yaliishia pale. Nilianza kwa kumpa mtoto mmoja aliyekuwa analia, kisha nikaona haifai kumpa mmoja, na mama wa Nzega ndiye aliyeyagawa kwa haki kuliko ambavyo ningeweza mimi. Mpaka tunaondoka nilikuwa najua nani anakwenda harusini, nani ametoka kuonana na daktari bingwa, na nani anamkimbia mkewe. Niliwaza kwamba kwa miaka mingi nilikuwa napita barabara ile ndani ya gari la ofisi, vioo vimefungwa, nikisoma makabrasha. Niliona haya kidogo, lakini nilikuwa na furaha. Nilidhani safari nzima itakuwa hivyo.

Ilemela

Mwanza nilifikia kwa Deusi, aliyekuwa dereva wetu. Siku hizi amestaafu, anafuga kuku Ilemela, kwenye nyumba aliyoijenga kati ya mawe makubwa kiasi kwamba jiwe moja ndilo ukuta wa jiko. Alinipokea begi langu mlangoni na kulipima uzito mkononi.

"Miaka yote nimekuendesha mama, leo ndiyo nakuona umebeba mwenyewe."

Mkewe alitupikia sato wa mchuzi na wali, na baada ya kula Deusi akanieleza jambo ambalo sikuwa nalijua. Alikwenda kumzika Bibi Nyanzala. Alikuwa bado kazini wakati ule, akaomba ruhusa, akapanda kivuko kama abiria wa kawaida.

"Kabula aliniuliza habari zako," alisema. "Nikamwambia uko safarini."

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Aa, yuko safarini.' Basi."

Hakuwa ananilaumu. Deusi si mtu wa kulaumu. Akikasirika hunyamaza na kuendesha polepole.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu kosa lenyewe lilifanyika hapo, mezani kwa Deusi, na nililifanya kwa moyo safi kabisa. Kwenye kazi yetu kuna sheria ambayo haijaandikwa popote na kila mtu anaijua: huingii kijijini bila kupiga hodi ofisini. Unaanza kwa mwenyekiti au mtendaji, unajitambulisha, unasema umekuja kwa nani na kwa lipi. Asiyefanya hivyo amedharau serikali ya kijiji, na kazi yake hapo imekufa. Vijana wangapi niliwafundisha hilo! Kwa hiyo asubuhi yake, kabla ya chai, nilitafuta namba ya mwenyekiti wa pale, nikampigia.

"Nakuja kesho," nikamwambia. "Nakuja kutoa pole kwa Kabula, kwa ajili ya marehemu mama."

"Karibu sana, mama," akasema. "Tutajipanga."

Deusi alikuwa anakoroga chai. "Kabula umempigia?"

"Nampigia sasa hivi. Lakini lazima ofisi ijue."

Alinitazama, akaongeza sukari ambayo hakuihitaji.

Kabula alipokea simu upesi. "Unakuja kweli, dada Koku?" aliuliza. Nikamwambia kweli. "Utakula nini?" Nikamwambia nitakula atakachopika. "Basi nitachemsha ndizi na maganda," akasema, na tukacheka wote wawili, na mimi nikakata simu nikiwa nimejisamehe nusu.

Kamanga

Wengi siku hizi wanapita darajani Busisi, na Deusi alinishauri hivyo. Nikakataa. Mara ya kwanza nilipokwenda kwa Bibi nilivuka kwa kivuko cha Kamanga, nikataka nifike vilevile. Ubishi huo ulinigharimu, maana lori moja la mbao lilikwama kwenye mlango wa kivuko, na kila mwanaume aliyekuwepo akageuka kuwa mtaalamu wa kurudisha lori nyuma.

Nilikaa kwenye ukingo na msichana mmoja wa chuo cha ualimu Butimba aliyekuwa anakwenda kufundisha kwa mazoezi huko Sengerema. Aliniamkia, nikaitikia, tukagawana mahindi ya kuchoma. Aliposikia nilikuwa kwenye shirika, akasogea karibu.

"Mama, mimi ualimu nimeusoma tu kwa sababu ndio niliopata. Natamani kazi kama yako. Kusaidia jamii, kusafiri."

Mngemwona alivyokuwa anang'aa. Nilikuwa na la kumwambia. Nilitaka kumwambia kwamba kazi ile ni nzuri na si uongo. Nimeona wanawake waliokuwa wakifukuzwa kwenye vikao wakiketi humo na kupiga kura. Nilitaka pia kumwambia kwamba kuna siku utajikuta unawafahamu watu vizuri sana kwa ajili ya kuwaeleza kwa wengine, na wao wenyewe huna muda nao. Unajua idadi ya watoto wao na hujui nani kati ya watoto anaumwa. Niliyapanga maneno kichwani, lori likatoka, watu wakaanza kukimbilia ndani.

"Jifunze kompyuta," nikamwambia.

"Asante sana mama," akasema, na nadhani ameshajiandikisha mahali.

Sengerema hadi mwaloni

Sengerema nilinunua mchele, sukari, majani ya chai na kanga mbili za Kabula, vitu vya kwenda navyo msibani. Kwa mama lishe wa stendi nilikula ugali wa muhogo na dagaa wa kukaanga, nikamaliza mpaka nikasifiwa. Noah iliyotupeleka upande wa Ziwa ilisimama kila palipokuwa na mtu na pengine pasipokuwa na mtu, na mlango wake ulifungwa kwa kamba ambayo abiria wa dirishani alipewa aishike. Abiria huyo nilikuwa mimi. Nilijiona mtu wa maana kuliko nilivyojiona kwenye semina nyingi.

Tuliposhuka mwisho wa lami, kijana wa bodaboda akaniita kwa jina. Nikapakia mzigo nikafurahi, nikijua ni Kabula amemtuma. Tukapita njia panda ya kwa Bibi, naye hakukata kona.

"Tumeipita," nikamwambia.

"Nimeagizwa nikufikishe ofisini, mama. Wanakusubiri."

Ofisini

Turubai lilikuwa limefungwa kwenye mti na kwenye nguzo ya ofisi. Kulikuwa na meza kuu yenye kitambaa na maua ya plastiki. Wanawake wa kikundi cha dagaa tulichowasaidia kuanzisha walikuwa wamejipanga mistari miwili, wamevaa vitenge vya sare tulivyowashonea miaka ile, vimepauka, vingine vimeongezewa viraka pembeni kwa sababu watu wamenenepa. Niliposhuka kwenye pikipiki wakaanza kuimba. Wimbo niliujua. Tulikuwa tukiimbiwa kila tulipoleta wageni wa kutoka nje, na ubeti mmoja una jina la shirika letu, ambalo pale Mwanza sasa halina hata kibao.

Kabula alikuwa kwenye mstari wa mbele. Alikuwa amekonda. Nilimwendea, naye akanipa mkono, mkono mmoja, kama walivyonipa wengine, kwa sababu mstari ulikuwa unasubiri.

Nilimnong'oneza mwenyekiti kwamba nimekuja msibani tu. Ni mtu mwema, mwenyekiti yule, na alijitahidi sana siku hiyo.

"Tunajua mama, na tumeliweka kwenye ratiba," akasema. "Lakini huwezi kuja halafu upite kimyakimya. Watu watasema mgeni alifichwa."

Nikakalishwa meza kuu. Ikaombwa sala, yakafanyika matambulisho, na kisha mwenyekiti akamkaribisha katibu wa kikundi asome risala kwa mgeni rasmi. Katibu ni Kabula. Mimi ndiye niliyemfundisha kuandika risala, hapohapo kijijini, mezani kwa mama yake: unaanza na shukrani, unafuata mafanikio, changamoto, maombi, unamaliza na shukrani tena. Alisimama akaisoma vizuri, kwa sauti inayofika nyuma.

Mafanikio: chanja za kukaushia dagaa bado zinatumika, hata wasio wanachama wamejenga za kwao. Hilo lilikuwa kweli. Nilikuwa nimeziona nikipita, na nilifurahi. Mafanikio mengine yakafuata. Kisha changamoto.

"Changamoto ya kwanza, bei ya dagaa kutotabirika. Changamoto ya pili, mvua kutuharibia dagaa na kutokuwa na banda. Changamoto ya tatu, kuondokewa na mwanachama mwanzilishi, marehemu Bibi Nyanzala. Changamoto ya nne, baadhi ya chanja kuoza miguu."

Hakuinua macho. Hakupunguza sauti wala hakuiongeza. Watu walipiga makofi alipomaliza, nami nikapiga, kwa kuwa mikono yangu ilishazoea.

Nikaitwa kusema. Nilisimama nikitaka kumwita Kabula kwa jina, niwaambie wale wanawake kwamba marehemu alikuwa mama yangu pia na kwamba sikumzika. Haki ya Mungu ndivyo nilivyotaka. Lakini mdomo una njia zake kama punda wa kubeba maji. Ulianza na salamu kwa itifaki, ukaenda kwenye pongezi, na nilipojaribu kuuzuia ulikuwa umeshasema: "Changamoto zenu tumezisikia na tumezichukua."

Tumezichukua! Nani na nani? Tunazipeleka wapi? Sina ofisi, sina gari, nimekuja na mchele wa kilo chache. Wakapiga makofi marefu kuliko yote. Kabula naye alipiga, akaandika jambo kwenye karatasi yake, nadhani maneno yangu.

Zilipogawiwa soda nikamvuta pembeni.

"Kabula, twende nyumbani. Nimechoka, nataka nilale kwenu."

"Umeandaliwa chumba gesti. Mwenyekiti ameshalipia."

"Nitamwambia asante, nitalala kwa mama."

Akatazama nyuma yangu, walikokuwa wenzake. "Dada Koku, ukilala kwangu, kesho watasema Kabula amemkalia mgeni, na mradi ameula yeye. Wewe utaondoka. Mimi nitabaki na maneno."

"Lakini hakuna mradi."

"Mimi najua. Wao wamekusikia ukisema umezichukua."

"Na chakula ulichopika?" nikauliza.

"Kipo. Ila wajumbe wanakula na wewe hapa, imeandaliwa pilau." Kisha, kwa upole, maana alinionea huruma, akasema: "Ungekuja tu, dada. Ungekuja ukapiga hodi kwangu, wangekusikia upo ndani. Wangekuja mmojammoja kukuamkia. Sasa umeshafika kwa mwenyekiti."

Nilikula pilau na wajumbe. Ilikuwa na nyama nyingi.

Kwa Bibi

Asubuhi niliamka nikatoka gesti bila kumuaga mtu, na mfuko wangu wa mchele kichwani, kama mwizi wa mchana. Nyumba ya Bibi iko palepale, imepigwa plasta upande wa mbele. Kaburi liko nyuma, kando ya mihogo, limejengewa kwa saruji na msalaba wake. Nilisimama hapo. Nilimwomba msamaha kwa Kihaya, lugha ambayo hakuijua, kwa kuwa ndiyo niliyoiweza.

Kabula hakuwepo, alikuwa ameshuka mwaloni kuanika. Mkeka ulikuwa umetandikwa barazani, na jirani aliyepita akaniambia Kabula hakawii. Nikavua viatu, nikakaa mkekani, miguu nimeinyoosha. Msibani wanawake wa nyumba hukaa chini. Wageni ndio hutafutiwa pa kukaa. Niliwaza kwamba akinikuta hivyo hapatakuwa na haja ya kueleza kitu. Atakaa pembeni yangu, na yaliyobaki yatajisema.

Alikuja na ndoo tupu. Aliponiona alisimama kidogo.

"Mwangaluka," nikamwamkia kwa Kisukuma, salamu ya asubuhi niliyofundishwa na mama yake.

"Mwangaluka, dada." Akaweka ndoo, akaingia ndani. Nilisikia anasogeza vitu. Akatoka na kiti cha mbao chenye mto wa kufumwa, akakiweka barazani, akakifuta kwa ncha ya kanga yake.

"Kaa hapa."

"Niache nikae na wewe, Kabula. Nimekuja msibani. Mimi si mgeni hapa."

"Najua umekuja. Wabeja sana, asante kwa kuja." Alikuwa bado amesimama, mkono uko kwenye mgongo wa kiti. "Lakini njia ni hii, watu wanapita. Wakikuta mgeni rasmi yuko chini, mimi ndiye nitaulizwa. Kaa, dada."

Hakusema kwa hasira. Laiti angesema kwa hasira. Alisema kama mtu anayemsaidia mzee kupanda ngazi, na hakuketi mpaka nilipoinuka mkekani, nikavaa viatu vyangu, nikakaa kwenye kiti.

Ndipo akakaa chini na kunieleza. Alianza na homa ya kwanza, akaja kwenye hospitali, kwenye siku Bibi alipokataa uji, kwenye waliofika na waliolala pale na walichokula. Alieleza yote kwa mpangilio, bila kuruka, kama mtu anavyomweleza aliyetoka mbali. Mimi nililia tangu kwenye ule uji mpaka mwisho, nikiwa nimekaa juu pale peke yangu. Kabula alinipa kitambaa, akaningojea nimalize. Yeye hakulia. Alikuwa ameshalia na wale waliokuja.